Makangaga Kumi ya Daktari Mutheu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimeajiriwa! Mimi Sylvance, niliyeishia kidato cha pili, leo mtu wa sayansi. Daktari Mutheu — si wa sindano, wa mimea — amepanga mikebe kumi yenye namba uani kwetu Makongeni. Ndani ni makangaga, yale majani yasiyotoa ua, yanayoota kwenye nyufa. Matano ya kuta za hapa, matano ya miamba ya Machakos. Mwaka wa tatu sasa anatafiti kama ya mjini yamezoea kiu kuliko ndugu zao. Kazi yangu: nisimwagilie hata tone. Hiyo nitaiweza hata usingizini.

Jumapili, 9 Februari
Yamejikunja. Nzau, jirani, aliuliza, "Niaje msee, unachunga mimea ama makaburi?" Nikamwambia hajui sayansi. Hata mimi sijui, lakini mimi nina kazi.

Alhamisi, 13 Februari
Yamekufa. Yote! Nimeua utafiti wa miaka mitatu! Lakini Sylvance ni kichwa — nimeng'oa mabichi kumi nyuma ya vyoo vya zamani, nikayapanda mikebeni. Maiti nimezitupa kwenye karai la kuni.

Jumatatu, 17 Februari
Daktari amekuja na maji, ati kuyaamsha. Kuyaamsha! Kumbe hayafi. Hulala makavu, ukiyanywesha yanafunguka. Alitaka kuona yapi yataamka kwanza.
"Sylvance, hakuna hata moja lililolala?"
"Ya kwetu ni sugu, Daktari."
"Na ya Machakos?"
"Huenda yameiga."
Yameiga! Mdomo huu! Hakucheka. Alimpigia profesa wake papo hapo. Ijumaa atatangaza ugunduzi huu mbele ya wasomi.

Jumanne, 18 Februari
Nimekimbilia karai. Dani Amondi, nyanya yangu, alikuwa akiwasha jiko. "Nyakwara, mjukuu wangu, haya majani yanashika moto vizuri. Leta mengine." Saba yamekwisha. Matatu nimeyatia kwenye bakuli la maji.

Jumatano, 19 Februari
Mawili yamefunguka! Kijani kabisa! Nimeruka, halafu nikakaa. Namba ziko kwenye mikebe, si kwenye majani. Ya wapi haya? Nzau anasema niyasalimie kwa Kikamba, litakaloitika ni la Machakos.

Nimempigia Daktari niseme ukweli. Nimesema "Daktari" tu, akanikatiza kwa furaha. Anaandika shukrani za utafiti. Jina langu ndilo litakalotangulia. "Sylvance nani? Nipe yote mawili."

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Anapiga. Dani anasema shika simu. Anapiga tena —