Maneno ya Baba kwenye Kompyuta Nyembamba

Jumatatu, 2 Machi 1998
Alasiri, kama kawaida. Baba barazani, mimi na daftari. Alijenga nyumba za mawe maisha yake yote. Kila kipande cha ukuta kina jina, na hapa Jomvu Kuu majina hayo amebaki nayo yeye peke yake. Madaftari matatu ya maneno yake yamejaa, ya vyakula na ada za harusi. Leo tumeanza maneno ya ujenzi.
Kakangu Athumani amekuja likizo kutoka Dubai. Kaniletea kompyuta. Nyembamba kama sinia, rangi ya fedha. Sijawahi kumiliki kitu kizuri hivi.

Alhamisi, 12 Machi
Daftari nimeliacha. Baba anasema, mimi napiga chapa. Vitufe vidogo, vidole vinagongana. Betri haifiki magharibi. Lakini shuleni walimu wenzangu wote wataka kuishika. Napenda wanavyonitazama. Aibu, lakini ni kweli.

Jumanne, 17 Machi
Nimeipeleka Changamwe kwa mwenye printa. Haina tundu la waya wake. Pa kutilia disketi hapana. Athumani asema kifaa cha disketi kiliuzwa kando, akakiacha. Dukani kulikuwa na nyingine, nene, yenye kila kitu.
"Ile ungeibeba kama tofali, dada. Hii ina sura."
Baba akacheka. "Nyumba haina mlango. Waliomo watatokaje?"
Nilikasirika. Nitanakili kwa mkono Jumamosi.

Jumatatu, 23 Machi
Sikunakili. Jumamosi nilikuwa harusini Mishomoroni.
Leo niliitia mkobani, madaftari ya darasa la sita yakailalia. Kioo kimepasuka. Haiwaki. Fundi wa mjini kaigeuzageuza, kanirudishia. "Mama, hii imebanwa mno. Nikiifungua sitaweza kuifunga." Athumani amesafiri leo, kaondoka nayo ikatengenezwe Dubai.
Ujenzi wote umo humo.
Baba: "Usilie, mwanangu. Si mimi nipo? Kesho twaanza tena."

Jumanne, 24 Machi
Hatukuanza. Alianguka alfajiri akienda kutawadha. Kiharusi. Mkono wa kulia, mguu, ulimi.

Ijumaa, 10 Aprili
Yuko nyumbani. Daktari asema tungoje. Uji kwa kijiko. Anajaribu kusema, sauti yatoka, neno halitoki. Leo alilia. Sikuwahi kumwona Baba akilia. Nikatoka nje kama mwoga.

Jumamosi, 2 Mei
Kompyuta imerudi, kaileta abiria. Kioo kipya. Yang'aa.
Nimeiwasha. Tupu. Mafundi wa huko wamebadilisha na vya ndani.
Nikampigia Athumani kwa simu ya jirani.
"Hawakuniuliza, wallahi. Dada, wallahi hawakuniuliza."
Nilitaka kumtukana. Sikuweza. Ningekuwa mimi dukani, ningechagua hiyo hiyo.

Jumapili, 10 Mei
Mvua tangu asubuhi. Nimemkalisha Baba kitini ukumbini, mto mgongoni. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha juu ya mlango, ule ukingo wa chokaa alioufinyanga mwenyewe kabla sijazaliwa. Akanitazama.
Una jina. Aliniambia Machi, nikaliandika. Nimelisahau.
Nikataja majina matatu niliyoyakumbuka. Kwa kila moja akatikisa kichwa, polepole, bila hasira. Kisha akaushusha mkono.
Nikamfunika miguu. Tukakaa.