Anachokizika Nahla

Msuka, 5 Mei 2025

Shangazi mpenzi,

Assalam alaykum. Hujambo, na goti limepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio haumo. Naandika kwa sababu nikikupigia simu nitalia; barua nampa dereva wa daladala ya kwenu, zifike siku hiyo hiyo.

Umefundisha skuli ya maandalizi maisha yako yote, niambie nimekosea wapi. Ulinifunza nitazame kwanza watoto wanacheza nini, ndipo nipange somo. Nikaona wanapenda hospitali, nikawawekea kona yenye vidoli na shuka nyeupe. Basi Nahla, mtoto wa miaka mitano, akakivisha kidoli shuka kama sanda, akakizika mchangani. Kila siku ni hivyo hivyo, na wenziwe wanamfuata nyuma kama waliobeba jeneza.

Baba yake, Masoud, yuko dago huko Tanga, kambi ya wavuvi. Mama yake, Ummi, ana mimba ya kujifungua wakati wowote. Leo bibi yake, Bi Mgeni, mamake Ummi, kanijia juu mbele ya wazazi: "We mwalimu, wafunza watoto uchuro! Mwanangu akifikwa na jambo, n'takuuliza wewe!"

Simu ya Masoud haipatikani. Shangazi, naogopa. Nimeificha ile shuka.

Mwanao,
Rahila

Madungu, 6 Mei

Mwanangu Rahila,

Wa alaykum salaam. Goti ni lile lile, usilitie maanani. Pumua kwanza. Siku ya mtu anaijua Mola, haiitwi na shuka.

Nilikufunza kutazama, nawe umetazama nusu. Umeona anacheza nini, hujauliza kwa nini. Irudishe shuka, kaa chini, cheza naye, umuulize taratibu. Atakalosema liandike vile vile, na andalio lako la somo lianzie hapo. Bi Mgeni usimjibu. Anayefoka hivyo ana hofu yake.

Shangazi yako

Msuka, 8 Mei

Shangazi,

Salaam nyingi, nisamehe sina utulivu wa kukujulia hali.

Nimemuuliza. Kanijibu sikioni: "Babangu kafa. Bibi kanambia n'sinene, n'kinena mama naye afa."

Ni kweli, Bi Mgeni mwenyewe kakiri nilipomuuliza kando. Walipiga simu kutoka dago, wakamzika huko huko. Bi Mgeni anamficha Ummi mpaka ajifungue, na mtoto aliyasikia. Kila adhuhuri Ummi huja kumchukua, ananichekea, ananiuliza Nahla kajifunza nini leo. Nimeshindwa kumtazama usoni. Nikiropokwa, ikadhurika mimba ile? Kesho siendi skuli.

Mwanao,
Rahila

Madungu, 8 Mei

Rahila,

Nenda! Nahla kakwambia wewe siri hii. Asipokuona kesho atadhani kakuua.

Siri ya nyumba ile si yako kuitoa. Jumamosi nakuja mwenyewe nizungumze na Bi Mgeni. Mtoto hawezi kubebeshwa roho ya mama yake, na mjane naye ana eda yake, hafichwi. Kesho usipange somo jipya. Panga kuwa karibu naye tu.

Shangazi yako

Msuka, 9 Mei

Shangazi,

Nilikwenda. Nilikaa mchangani na Nahla, nikamshikia kidoli. Ummi akatokea mapema, akasimama juu yetu, akakionyesha kidoli. "Huyu nani, mwanangu?"

Nahla akanitazama mimi. Akasema mwenyewe: "Baba."

Ummi akapiga magoti. "Najua," akamwambia. "N'lipiga simu yake kabla haijazimwa, akapokea mtu mwengine, akanipa pole. N'kanyamaza usije ukaogopa wewe." Wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, na mimi nikalia nao mbele ya darasa zima. Nikadhani yamekwisha.

Alipojaribu kusimama hakuweza. Uchungu ulimshika pale pale, na damu. Gari ya jirani imempeleka hospitali, Bi Mgeni kenda naye. Hakuna aliyepiga simu mpaka sasa.

Nahla yuko kwangu. Kakaa mlangoni, chakula hataki. Shangazi, usingoje Jumamosi, njoo leo, mimi sijui la kumjibu. Kaniuliza mara moja tu:

"Mwalimu, n'linena kwa nguvu?"

Mwanao,
Rahila