Maktaba ya Mzee Hoza

Alhamisi, jioni. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nguo nilizofua juzi bado mbichi kwenye kamba, na mimi nimejifungia chumbani kama mwanafunzi anayekwepa adhabu. Namsikia mama mkwe jikoni, anachambua maharage. Hatujasemezana tangu jana.

Yote yameanzia darasani kwangu.

Nafundisha historia kidato cha tatu, huku milimani juu ya Lushoto. Mwaka huu nilichoka kuwakaririsha watoto sababu za hiki na matokeo ya kile. Nikawaambia, nendeni mkaulize watu. Tafuteni mzee aliyeyaona mambo kwa macho yake, msikilizeni mpaka amalize, halafu tafuteni wa pili, mlinganishe. Jiulizeni, huyu anayesimulia alikuwa amesimama wapi? Anapata nini akisema hivi?

Mada ilikuwa kazi ya matuta. Enzi za Mwingereza watu wa milima hii walilazimishwa kuchimba matuta mashambani ili mvua isichukue udongo, na waliokataa waliadhibiwa. Sijui ukoo huku usio na habari yake juu ya jambo hilo. Niliwaahidi kwamba kazi nzuri zitasomwa mbele ya watu Jumamosi hii, siku ya wazazi.

Siku hiyohiyo itafunguliwa maktaba mpya ya shule. Itapewa jina la Mzee Hoza, marehemu, kwa sababu ukoo wake ndio uliotoa kiwanja, na kwa sababu yeye, kama kila mtu hapa anavyojua, ndiye aliyewaongoza watu kuyakataa matuta.

Mzee Hoza ni babu yake mume wangu.

Jumatatu Zuhura alinifuata ofisini. Ni binti mkimya, anakaa dawati la nyuma, mwandiko wake mdogo mpaka unainama kuusoma. Alikuwa amekwenda Gare kwa bibi mmoja mzee sana, Bibi Magdalena, akamrekodi kwa simu ya kaka yake.

"Shikamoo mwalimu. Naomba usikilize kwanza peke yako."

Nikasikiliza. Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba lakini haikusitasita.

"Hoza? Hoza alikuwa na fimbo. Sisi tunachimba, yeye anapita nyuma yetu. Ukinyoosha mgongo anakuuliza, umechoka nini wewe?"

Akaeleza kwamba mama yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo yeye, binti mdogo, ndiye aliyetumwa kuchimba sehemu ya mama.

"Siku moja nikalia. Hoza akatazama huku, akatazama huku. Akaweka fimbo chini, akachukua jembe langu, akanichimbia mpaka mwisho wa shamba. Akaniambia, usimwambie mtu. Na mimi sikumwambia mtu, mpaka mjukuu huyu aliponiuliza."

Zuhura hakuishia hapo. Alimtafuta mzee mwingine, wa kijiji kingine, asiyejuana na bibi. Naye akasema hivyohivyo, kwamba Hoza kwanza alikuwa msimamizi wa matuta, na baadaye akaiacha kazi hiyo, akaenda kusimama na waliokataa. Zuhura akaandika yote mawili. Mwisho akaweka maneno haya: "Mzee Hoza alibadilika. Bado hatujui ni kitu gani kilimbadilisha."

Bado hatujui. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kupata sentensi kama hiyo kutoka kwa mwanafunzi. Nilifurahi mpaka nikasimama.

Halafu nikaogopa, nikakaa tena.

Nilimpelekea mkuu wa shule. Alisoma taratibu, akavua miwani.

"Kazi nzuri," akasema. "Nzuri sana. Mwambie achague mada nyingine. Aeleze habari za chai."

"Mkuu, ameifanya kwa njia tuliyomfundisha."

"Uliyomfundisha," akanisahihisha, akanirudishia karatasi.

Nikajipa moyo kwamba nyumbani watanielewa. Jana wakati wa chakula niliwaeleza mume wangu na mama mkwe. Nilianza na lile jembe, nikaiacha fimbo mpaka mwisho, kama mtu anayemrambisha mtoto sukari kabla ya dawa. Mume wangu aliacha kutafuna.

"Mama Neema, hilo liache," akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya nayo.

Mama mkwe alihamia Kishambaa. Huwa anafanya hivyo akitaka nikumbuke kwamba mimi ni wa Magoma, wa kule chini.

"Ulikuja hapa na begi moja," akaniambia. "Ulilitua kwenye nyumba ya nani?"

Jibu tulilijua sote watatu. Nyumba ni ya Hoza. Shamba ninalolima viazi ni la Hoza. Binti yangu anaitwa Neema Hoza, na siku nikifa sidhani kama nitarudishwa Magoma. Nilikusanya sahani, nikaenda kuziosha, na maji yalikuwa ya baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaendelea kuosha zilizokwisha kutakata.

Leo asubuhi nikamwita Zuhura, nikamwambia abadilishe mada.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

Hakuwa akinijibu kwa ujeuri, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anauliza kama anavyouliza siku zote, ili afanye kazi yake vizuri.

"Basi niandike kwamba sikumuuliza bibi?"

Nikamwambia aandike habari za chai.

"Sawa, mwalimu."

Akakunja karatasi zake, akatoka.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha darasa lake. Nilifungua kitabu cha kiada, nikaanza kuwasomea waandike. Hakuna aliyeuliza swali isipokuwa mmoja, naye alitaka kujua kama hiyo itatoka kwenye mtihani. Nikasema ndiyo. Nikawa napita kati ya madawati, nyuma ya migongo yao, wao wameinama wanaandika, na mimi nahakikisha hakuna anayeacha kuandika.

Nikasimama katikati ya darasa.

Nilimfikiria Hoza, si yule wa maktaba. Nilimfikiria kijana mwenye mke na watoto, amepewa fimbo na mtu ambaye yeye hakuweza kumkatalia. Pale alipotazama huku na huku, alikuwa anamwogopa nani? Wazungu hawakuwa kila shamba. Labda alikuwa anawaogopa watu wa kwake, kama mimi.

Mchana nikarudi kwa mkuu. Nikamwambia kwamba Zuhura atasoma alichoandika, chote, na kama kuna wa kulaumiwa ni mimi. Akasema hatamzuia mtoto, lakini wakubwa wakiuliza, nitajibu mwenyewe, na yeye hatasema neno. Nafikiri kwake hiyo ilikuwa hisani kubwa.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa, nikamfuata Zuhura barabarani. Ukungu ulikuwa mzito, nikamwona kwa sweta yake tu. Nikamwambia asome. Asome fimbo na asome jembe, asiruke hata kimoja, na ile sentensi ya mwisho aisome taratibu.

Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Aliuliza swali.

"Jumamosi mwalimu utakaa wapi?"

Viti vya mbele kabisa vimetengwa kwa ukoo wa Hoza. Changu kipo, kati ya mume wangu na mama mkwe, nimeshakiona kwenye mpango. Walimu wenzangu watakaa pembeni, chini ya turubai. Nikamwambia awahi, kwao ni mbali, na njia ya bondeni inateleza.

Nimelibeba swali hilo mpaka nyumbani. Mtoto amekubali kusimama mbele ya watu wazima wa kijiji kizima, na anachotaka kujua ni kama ataniona, na akiniona, nitakuwa upande gani.

Kwa nini ilinishinda kumjibu? Nadhani ni kwa sababu nilikuwa natafuta kiti ambacho hakitamuudhi mtu. Hakipo.

Sitakaa. Nitasimama naye pale mbele mpaka amalize kusoma.

Na leo, kabla hatujala, nitawaambia mume wangu na mama yake, ili wasije wakalisikia kwa mara ya kwanza mbele za watu. Watanijibu nini, siwezi kukisia. Najua tu kwamba Jumamosi, watu wakitawanyika, nitarudi pamoja nao kwa njia ileile moja, wao mbele na mimi nyuma, kwa sababu sina nyumba nyingine.