Rihab Asifunikwe

Baba Rihab,

Mtoto bado ana homa. Dawa iko kwenye friji, mpe adhuhuri, kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Anywe maji kila akiamka. Akilegea, mpeleke hospitali, usisubiri nirudi.

Asubuhi nimemkuta mama yako amemfunika mablanketi mawili ya sufu, na joto hili la Agosti, eti homa itoke na jasho. Nikamfunua. Akanuna: "Nimelea saba bila kipimajoto, na mmoja wao ndiye huyo mumeo."

~~Mwambie arudi kwake Kairawani.~~ Abaki. Dawa nikimpa mimi, Rihab anaitema. Akipewa na bibi yake anaimeza bila hata kukunja uso.

Mablanketi msiyatafute. Nimekwenda nayo kazini.

Mama Rihab