Gramu za Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Gramu 562! Daktari wa wanyama kamweka Mheshimiwa kwenye mizani, kamtoa, kamrudisha tena, kana kwamba mizani ndiyo mbovu. Kasuku kama huyu asizidi mia nne na themanini, anasema. Akapuliza manyoya ya kifuani nikaona mwenyewe mafuta, ya njano, chini ya ngozi. Ini liko hatarini. Akiendelea hivi, asubuhi moja tutamkuta chini ya kijiti chake, basi.

Marufuku: karanga, mbegu za alizeti, mkate, chochote cha mezani. Ruhusa: majani ya mboga, karoti, na vile vidonge vya chakula cha ndege, vijiko viwili kwa siku. Mheshimiwa kasikiliza hukumu yote, halafu akasema, "Leta!" Daktari kacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka.

Ndege alikuwa wa Mama. Tangu tumzike Mama mwaka jana, Baba anaongea naye kuliko anavyoongea nami. Akifa huyu, Baba atashika nini? Sina nguvu ya msiba mwingine. Kwa hiyo naandika huku nyuma ya daftari langu la vipimo vya nguo — mbele wateja, nyuma mimi na gramu zangu.

Jumanne, 4 Machi

561. Nimefunga kijiti juu ya mizani ya unga, anapanda mwenyewe. Karoti kaitupa. Kaitupa kwa makusudi, huku ananitazama! Baba kaambiwa masharti yote, kaitikia, "Sawa, mwanangu, sawa."

Alhamisi, 6 Machi

565. Jamani! Vijiko viwili napima mimi, kwa mkono wangu, sasa hizi gramu nne zimetoka wapi? Anakula hewa?

Sare za wauguzi arobaini zinaningoja, na nimeshona kumi na moja. Katikati ya hayo Baba kaja na suruali yake ya kahawia, anataka ibanwe kiunoni. Nikapitisha tepu haraka haraka, pini mdomoni. Nikamwambia naona siku hizi unataka kuwa kijana. Kasema anatafuta mchumba, nisimharibie. Tukacheka. Nimeibana jioni hiyohiyo.

Jumamosi, 8 Machi

567.

Kuna mtu anamlisha. Hakuna maelezo mengine. Mchana kutwa mimi niko chumba cha mbele kwenye cherehani, sisikii kitu. Ndege yuko kibaraza cha nyuma. Baba yuko naye, ndiyo, lakini Baba analala kila baada ya dakika kumi. Na ukuta wa kibaraza ni mfupi. Na upande wa pili wa ukuta anakaa nani? Mama Pacha. Mwanamke ambaye hawezi kuona kiumbe bila kukitia kitu mdomoni. Hata wanawe wale mapacha wamejaa mashavu.

Jumatatu, 10 Machi

567. Hajapanda, hajashuka. Nimemuuliza Baba kama amemwona Mama Pacha karibu na ukuta. Kasema hajui, labda. Halafu akaniomba chakula chake cha mchana kiwe kinapelekwa kibarazani, eti cherehani inampigia kelele sebuleni. Sawa, hata ni vizuri, atakuwa mlinzi.

Angalau Baba hanisumbui kwenye kula. Sahani inarudi nyeupe, kama imelambwa. Wakati wa Mama nilikuwa nalia jikoni kila sahani ilivyorudi vilevile. Nilifika kumfokea, Mungu anisamehe, mgonjwa yule. Sasa nikiona sahani tupu moyo unatulia kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

572!! Nimeirudia mizani mara tatu. Nimeipima na pakiti ya sukari, iko sawa.

Na sasa kikohozi. Mheshimiwa tangu jana anatoa sauti mpya — khm, khm-khm, kimya kidogo, halafu mlio wa kumeza kitu kigumu. Nikampigia daktari wa wanyama, nikashika simu karibu na tundu asikie. Kasikiliza, kasema huyo haumwi kifua. Anaiga. Kuna mtu nyumbani anakohoa hivyo, karibu yake, mara kwa mara.

Mama Pacha ana mafua wiki nzima! Nimemsikia kwa masikio yangu akipenga na kukohoa akianika nguo. Ushahidi gani tena nautaka?

Jumamosi, 15 Machi

Nimemfuata. Nilipanga kuongea kistaarabu, nikajikuta napayuka. Nikamwambia anamuua ndege wa marehemu. Kaacha beseni, kaniangalia. Kasema hajawahi kumpa yule ndege hata punje, anamwogopa, aliwahi kumng'ata kidole. Kisha akasema polepole kwamba mimi sina muda wa kuangalia yaliyomo nyumbani mwangu, nahangaika na ya ukutani. Nikamwambia aseme vizuri anamaanisha nini. Kaokota beseni lake, kaingia ndani.

Baba alikuwa kibarazani, kasikia yote. Hakunitetea wala hakunikanya. Kaangalia miguu yake tu.

573.

Jumanne, 18 Machi

575. Sijalala vizuri. Nimepunguza vidonge kuwa kijiko kimoja na nusu. Naingia kibarazani kila saa, narudi, nashona mshono mmoja, naingia tena. Sare ishirini na tisa. Moja nimeishona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaifumua.

Kaka kapiga simu kutoka kazini kwake. Nikamweleza habari za ndege robo saa nzima. Mwisho akauliza, "Na mzee?" Nikasema mzee mzima, anakula vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

575. Baba kaleta suruali ya kijivu. Nayo ibanwe. Nikamwambia Baba, nguo zako zinatanuka ukizifua? Kasema sabuni ya siku hizi. Nikapima, nikaandika, nikabana. Mashine ilikuwa imeshatiwa uzi mweusi, sikubadilisha. Mzee hataona.

Jumamosi, 22 Machi

576. Jumatatu namtega mwizi. Nitasema naenda kununua uzi.

Jumatatu, 24 Machi

Niandike ilivyokuwa.

Mchana nikampelekea Baba wali na yai na viazi vilivyopondwa. Nikaaga kwa sauti. Nikazunguka nyumba, nikasimama nyuma ya shuka nililoanika, mkono mdomoni nisicheke. Nilikuwa na furaha, kweli. Leo namkamata mtu.

Baba akachukua kijiko, akatia wali kidogo mdomoni. Akatafuna muda mrefu. Akainamisha kichwa. Khm. Khm-khm. Kimya. Akajaribu kumeza, mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakamtoka, akautema ule wali kwenye leso. Akakunja leso vizuri. Kisha akafungua tundu. Kijiko kimoja cha yai kwa Mheshimiwa. Kijiko cha wali. Viazi. Anamlisha taratibu huku anamwambia, kula, baba, kula, fanya haraka kabla hajarudi.

Nikalisogeza shuka. Alivyoniona! Kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Akaficha leso kwanza.

Nikauliza tangu lini. Akaonyesha kooni, hapa chini kidogo. Inakwama hapa, mwanangu. Ilianza na mkate, mwezi wa kwanza, sasa hata wali. Uji unapita. Kwa nini hukusema? Akasema: nilikuona jikoni wakati wa mama yako, ukilia na sahani mkononi. Sikutaka sahani yangu irudi na chakula.

Nikakaa chini, pale pale kwenye sakafu. Nimelia kwa hasira, sijui hasira ya nani. Mheshimiwa akasema, "Leta!"

Jioni nilikwenda kwa Mama Pacha kuomba radhi. Hakunipa nafasi ya kumaliza. Kasema alimwona mzee akitema mara mbili tatu, mzee akamwapisha asiseme. Kasema kesho niondoke mapema, ndege atabaki naye. Pamoja na kidole chake kilichong'atwa.

Jumanne, 25 Machi

Hospitali. Tuko kwenye benchi tangu saa moja. Baba kavaa suruali ya kijivu, na uzi mweusi kiunoni unaonekana kutoka mbali.

Muuguzi kampandisha kwenye mizani. Kilo 51. Akaniuliza mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi. Sikujua. Mwaka jana je? Sikujua. Nikafungua daftari hili, kurasa za nyuma — 562, 561, 565, 567 — nikalifunga haraka, uso unawaka. Baba akaniambia polepole, "Angalia mbele."

Nikafungua mbele. Suti ya Baba ya mazishi ya Mama, mwaka jana: kiuno inchi 38. Tarehe 6 Machi, suruali ya kahawia: 35. Tarehe 20 Machi, ya kijivu: 33 na nusu. Muuguzi akauliza nani kapima. Mimi. Mwandiko wangu, tepu yangu, mikono yangu imemzunguka baba yangu mara mbili mwezi huu. Akanakili zote kwenye faili.

Sasa yuko ndani kwa daktari. Kasema nisubiri nje kwanza, kaniachia kofia yake. Namsikia akikohoa kupitia mlango — khm, khm-khm — halafu ule ukimya.

Simu imelia. Mama Pacha kaandika: "571! Ameshuka gramu tano! Na karoti amekula!"

Sijamjibu. Mlango bado umefungwa.