Chiriku Alipokalia Kiti cha Mwalimu

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili jioni, 18 Januari.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekwisha kukuacha. Mama anasema uvae soksi hata ukiwa kazini, kwa sababu sakafu ya wodi haina huruma na mtu anayeipiga deki. Sisi hatujambo. Mgongo wa Bibi unamsumbua akiinama, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, nasi tunashukuru kwa yote.

Kwenye simu Mama alikuambia kwamba Chiriku wako ameanza shule vizuri, kisha simu ikakatika. Najua neno “vizuri” halimshibishi mzazi aliye mbali, ndiyo maana nakuandikia.

Tangu ulipoondoka alfajiri ile akiwa amelala, hakukubali mtu yeyote atoke bila yeye. Usijilaumu. Bibi anasema ungemuaga ungeshindwa kuondoka, nami naamini hivyo. Lakini Mama akienda chooni, Chiriku alimsubiri mlangoni. Nyumbani haishiwi maneno, ila mgeni akiingia, kimya kama maji mtungini. Mwalimu mkuu alikuwa amesema kwamba mtoto asiyeweza kubaki bila watu wake atarudishwa asubiri mwaka mwingine, na tulijua ungeumia sana.

Ili kumwandaa kwa shule, mimi nilikimbilia penseli na daftari. Chiriku akalia, penseli ikavunjika, nami nikakaribia kulia. Mama alinyanyua macho kwenye cherehani akauliza, “Kwani anakwenda kuandika hati ya nyumba? Penseli itamsubiri. Mpe vifungo.”

Basi tukamwaga kopo la vifungo mkekani. Chiriku aliwapanga kwa familia, wakubwa na wadogo, weusi na weupe. Wenye matundu mawili akasema wamesinzia, wenye manne wameamka. Tukikunja nguo, kazi yake ikawa kuitafutia kila soksi mwenzake. Kufunga shati alijifunza kwa lile sanamu la Mama la kupimia nguo. Siku alipovaa lake mwenyewe mikono ikapotea njia, kwa kuwa amezoea shati linalomtazama. Ilibidi tumsimamishe mbele ya kioo, napo pia akabishana na kioo.

Mchezo uliotusaidia zaidi ni wa kutoka na kurudi. Nilisimama nyuma ya mlango, nikagonga kifuniko cha sufuria kuwa ndiyo kengele, nikaingia. Baadaye nikawa nafika uani, kisha dukani. Mwishowe akaanza kutoka yeye, sisi tukibaki. Kengele ikilia anarudi mbio, Mama anamuuliza, “Umetukuta?” naye anajibu, “Nimewakuta.”

Tulicheza shule pia, ila hapo tulikosea jambo moja. Chiriku hakutaka kuwa mwanafunzi hata siku moja. Mwalimu alikuwa yeye, mimi na Bibi tukawa darasa.

“Bibi, unaongea na nani? Simama.”

“Mwalimu, nina mgongo.”

“Basi simama hukohuko ulikokaa.”

Tulicheka tu, hatukuona tatizo. Siku ya kwanza nikampeleka mimi, maana darasa letu halikuwa limeanza. Chiriku aliingia, akayapita madawati yote ya wadogo, akaenda mbele akapanda kiti cha mwalimu. Akakunja mikono akatutazama.

Watoto wakaanza kucheka. Nikamwona anainamisha kichwa, nikajua ule ukimya wake unakuja, na kwamba ukija mbele ya mwalimu, safari ya shule imeishia hapo. Nilitaka kumshusha. Mwalimu wao, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akanizuia kwa mkono. Alikwenda kukaa kwenye dawati la mbele, magoti yamemfika kidevuni, akanyoosha kidole.

“Mwalimu, naomba kuuliza. Leo tunaanza na nini?”

Chiriku alimtazama.

“Tunaanza na kunyamaza,” akasema.

Mama Mdogo, tangu uondoke hilo ndilo neno lake la kwanza kwa mtu asiyemjua. Mwalimu akanyamaza, na watoto wote wakanyamaza. Kisha akaomba wabadilishane viti, kwa sababu chake kilikuwa kinamuumiza magoti. Chiriku akafikiri, akamhurumia, akashuka.

Nilipotaka kuondoka alinishika sketi. Sikumtoroka. Nilimuaga, nikamwambia kengele ikilia atatukuta getini. Aliniachia, ingawa hakupenda.

Mchana mimi na Mama tulifika mapema mno, tukasimama juani. Kengele ilipolia akatoka, viatu amevigeuza, kulia kushoto. Mama hakuwahi hata kufungua mdomo.

“Nimewakuta,” akasema.

Sasa kuna jambo naomba unisaidie. Jana tukiwa tunakunja nguo aliniuliza kama kazini kwa mama yake kuna kengele. Nikamjibu kwamba nadhani ipo. Akauliza itamlilia lini. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia nitakuuliza wewe. Ukipiga simu, mwambie ukweli hata kama ni mbali. Nimemwona anavyosubiri sasa. Anaweza kuisubiri kengele, mradi ajue kwamba ipo.

Bibi anakusalimu na anaulizia mafuta ya kuchulia mgongo. Mama anakusalimu, na anasema sare ya Chiriku ameiachia upindo mpana ili ukija uikute bado inamtosha. Baba anakusalimu. Msalimie sana mwenzako unayekaa naye chumba kimoja. Mungu akutangulie uendako na akulinde urudipo.

Ukirudi, hata iwe saa ngapi, utatukuta.

Mimi mwanao mkubwa nikupendaye,
Dada yake Chiriku.