Saa Nane ya Koboko

Jumamosi, 28 Juni

Nimefunga duka saa saba na nusu. Nimefagia vipande vya karatasi, nimepanga programu za mazishi za Jumatatu, nimewasha tena kompyuta. Jaribio la tatu la meza ya mtandaoni ya mchezo wetu wa hadithi. Mara ya kwanza Dada Zubeda aliona weusi mtupu kwa sababu kete yake sikuipa macho. Programu ya kompyuta inataka iambiwe kete gani inaona na ipi haioni. Mara ya pili kete ya Drati ilitokea kubwa kuliko kijiji.

Leo tumecheza. Saa nzima. Mimi na Zubeda hapa dukani Ediofe, Drati kwa simu kutoka Vurra mpakani, katikati ya malori anayoyatolea makaratasi ya forodha, Yuma kwa simu kutoka Koboko. Miaka sita tumecheza kwenye baraza langu. Ramani ya manila, vizibo vya soda badala ya kete, mimi nasimulia, wao wanakuwa watu wengine, dadu inaamua nani anapona. Tangu Aprili Yuma yuko kwa baba yake aliyepigwa na kiharusi, na baraza limebaki baraza tu.

Yuma alikatika mara nne. Lakini kati ya kukatika na kukatika, Mama Kiberiti alisema. Yuma ni mtu mkubwa na mpole, hata akidhulumiwa nauli ananyamaza. Akiwa Mama Kiberiti, mkunga mzee wa msafara wetu wa chumvi, anatukana wafalme. Leo kamwambia mlinzi wa daraja kwamba yeye ndiye aliyemzalisha na amejuta tangu siku hiyo. Zubeda alicheka mpaka machozi.

Baadaye Yuma akaniandikia. Wiki nzima hajaongea na mtu ila baba yake, na baba hajibu. Jumamosi ndiyo siku yake. Nikamjibu kwamba hatutakosa hata Jumamosi moja, saa nane mchana. Nimeahidi.

Jumatano, 2 Julai

Wateja wachache, mvua. Nimepiga skani ramani yote ya manila, vipande tisa, nikaviunga. Miraba ya programu haikubali kukaa juu ya miraba yangu. Nikivuta huku inaharibika kule. Saa mbili za maisha yangu.

Upande wa kulia wa skrini kuna ukanda wa maandishi unaokula ramani. Nimeufunga. Dadu zinabiringika katikati hata hivyo, kila mtu anaziona.

Yuma ameandika: amenunua laini nyingine inayoshika vizuri pale nyumbani. Sasa hakatiki. Nimefurahi mpaka nikamtolea mteja kopi mbili za bure.

Jumamosi, 5 Julai

Saa nane kamili tulikuwa mezani. Zubeda amejaribu dadu za kompyuta kwa mara ya kwanza na kusema zimelogwa. Alitaka kutupa dadu yake halisi kwenye kaunta, mimi nichape namba. Drati amesema basi na yeye atatupa ya kwake Vurra, na kila mara itakuwa ishirini, namba ya juu kabisa. Mjadala ukaisha.

Yuma hakuja. Namba yake ya zamani haipatikani. Mpya hakunipa, na mimi sikuuliza. Nimemwandikia mara mbili kwa intaneti, ujumbe haujafika. Saa tisa kasorobo Drati aliitwa kwenye lori, Zubeda ana watoto. Tukafunga.

Labda mzee amezidiwa.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa nimeangalia simu. Ujumbe wangu wa jana umesomwa. Hakuna jibu. Nikauliza mzee yuko namna gani. Akajibu: "Mzima." Basi. Neno moja.

Kama mzee ni mzima, wewe ulikuwa wapi?

Jumamosi, 12 Julai

Nilimkumbusha jana: kesho saa nane. Akaandika "Nitakuwepo."

Hakuwepo. Dakika arobaini na tano tena. Nilikuwa nimetengeneza soko zima kwenye ramani, kila kibanda na taa yake. Ukimsogeza mhusika, giza linafunguka mbele yake. Hilo nilijifunza kwa siku nne. Mtu wa kufunguliwa giza hakuna.

Nimekasirika. Nimemwandikia hivi: kama hutaki kucheza tena, sema, watu wana kazi zao. Saa kumi na moja akajibu: "Sawa."

Sawa nini?

Jumanne, 15 Julai

Zubeda amepita kuchapisha risiti za duka lake la vitenge, akakaa. Kasema kanuni ni kanuni, na niliiandika mwenyewe kwenye manila miaka sita iliyopita: asiyefika mara tatu bila habari, mhusika wake anabaki njiani. Yeye mwenyewe alimpoteza mwindaji wake hivyo alipojifungua. Hakuna aliyemhurumia, hata mimi.

Nimemwambia Yuma si mtu wa kudharau watu. Akasema mtu akihama anahama na moyo wake, huko Koboko atakuwa amepata watu wengine. Nilitaka kumkatalia. Kwa ushahidi gani? Simwoni, simsikii, najua tu kwamba anasoma na kunyamaza.

Ningempigia kwa njia ileile ya ujumbe, simu ingeita. Sijapiga. Kiburi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumamosi, 19 Julai

Saa nane. Saa nane na nusu. Saa tisa kasorobo.

Nimesimulia. Mama Kiberiti alirudi nyuma kutafuta punda aliyepotea, wakamsikia akigombana na mtu gizani, kisha hawakumsikia tena. Zubeda kasema, "Mungu amurehemu," kama msibani, kisha akaona haya.

Nikafuta kete. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikafuta na karatasi yake ya mhusika, yenye miaka sita ya makovu na madeni na majina ya watoto wote aliowazalisha. Ikaniuliza tena. Nikabonyeza. Mwisho nikamtoa Yuma mezani. Hapo haikuuliza.

Nilidhani nitapumua. Najisikia vibaya.

Jumatatu, 21 Julai

Siku mbaya. Niandike yote.

Asubuhi nilifungua meza ili nipunguze soko. Pembeni kulikuwa na kidoti chekundu. Kimekuwepo majuma mawili. Nilidhani ni tangazo la kutaka ninunue toleo la kulipia. Leo kimenichosha, nikakibonyeza. Ule ukanda wa kulia nilioufunga ukafunguka. Kumbe unaweka kila kitu kinachotokea mezani, kila neno, kila dadu, na saa yake.

Tarehe 5. Zubeda na dadu zake, saa nane. Sisi tunatoka, tisa kasorobo. Halafu saa tisa na dakika mbili: Yuma ameingia. "Niko." Saa tisa na dakika kumi: "Jamani mimi niko." Saa tisa na dakika ishirini: "Nyinyi wako wapi?"

Tarehe 12, saa tisa kamili. "Niko." Kisha: "Naona nyinyi nakuja saa saba, natoka. Mimi mulisema saa nane. Sawa." Baada ya hapo hakuandika tena. Alitupa dadu. Nimehesabu: kumi na moja. Alimtembeza Mama Kiberiti peke yake katika soko langu, kibanda kwa kibanda, akafungua giza lote. Akatoka saa kumi na dakika tano.

Tarehe 19 hakuna kitu. Saa tisa atakuwa alikuja akakuta mlango umefungwa.

Nimempigia Drati. Nikamsomea saa zote. Nikasikia lori likipiga honi nyuma yake.

"Hii si kuchelewa," akasema. "Hii ni Kongo."

Akanieleza. Huko Vurra wanajua wote: simu ikishika mtandao wa ng'ambo ya mpaka, inarudi nyuma saa moja, kwa kuwa saa za Kongo ziko nyuma ya zetu. Yeye ameizuia ya kwake, anaweka saa kwa mkono. Yuma atakuwa amenunua laini ya Kongo, kwao mpaka uko karibu, ndiyo inayoshika. Ikiwa kwangu saa tisa, kwake ni saa nane. Alikuwa anakuja kwa wakati. Kila mara. Na kwenye simu yake sisi tulikuwa tunakuja saa saba na kuondoka kabla ya saa nane tuliyomwambia. Ameona marafiki wa miaka sita wakimpa saa ya uongo.

Na mtu huyu, akiwa yeye mwenyewe, hajui kugomba. Anasema sawa.

Nimempigia mara sita. Inaita, hapokei.

Jumatano, 23 Julai

Nimetafuta namna ya kurudisha kilichofutwa. Nimesoma kurasa za msaada, kwa Kiingereza cha wanasheria. Hakuna. Nilipaswa kuhifadhi nakala kwanza, wanasema. Mimi ambaye kila siku nawaambia wanafunzi wahifadhi nakala.

Nimejaribu kumwandika upya kwa kumbukumbu. Nguvu sijui ilikuwa tisa au kumi na moja. Jicho lililoumia ni la kushoto au la kulia? Majina ya watoto nakumbuka manne. Walikuwa zaidi ya thelathini.

Nimemwandikia Yuma maelezo marefu. Yamesomwa. Hakuna jibu. Nikisoma nilichoandika naona kinafanana na uongo. Nani ataamini kwamba kosa ni la saa?

Zubeda amekuja. Nilimwonyesha ukanda. Alisoma wote amesimama, akakaa, akasema ni yeye aliyenisukuma. Nikamwambia mkono uliobonyeza ni wangu. Hatukufarijiana.

Jumapili, 27 Julai

Koboko. Nimeondoka baada ya misa ya kwanza na sukari, sabuni za kufulia na karatasi ya mhusika niliyoiandika kwa kubahatisha. Nyumba yao iko nje ya mji, ukipita soko, upande wa mpaka.

Nilimkuta uani akimnyoa baba yake. Nikapiga goti nikamsalimia mzee. Jicho moja lilinifuata, mdomo ulijaribu kitu. Yuma akamfuta povu, akaniletea kiti, akaniuliza habari ya njia. Kakonda. Mikono inanuka mafuta ya kuchua. Alinihudumia kama mgeni, na hiyo iliniuma kuliko kama angenifukuza.

Nikaeleza. Nikaweka simu yangu karibu na yake juu ya stuli. Yangu saa tano na dakika kumi na nane. Yake saa nne na dakika kumi na nane. Aliziangalia muda mrefu. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, jinsi gani mtu anaishi mwezi mzima na saa mbovu bila kujua.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Sista yangu, hapa hakuna mutu nangoja mimi," akasema. "Sasa mimi nitajua namna gani kama saa ni mubaya?"

Anamlisha baba akiona ana njaa. Anamgeuza akisikia anaguna. Usiku ukiingia wanalala. Mahali pekee alipotakiwa kwa saa ni mezani kwangu.

Nimelia mbele ya mzee, ambayo si adabu. Nikatoa karatasi ya Mama Kiberiti. Akaisoma yote, akacheka kidogo penye jicho. Kumbe ni la kulia. Kisha akaikunja akanirudishia. Kasema huyo amekufa, na watu wamekwisha kumwombea, nisimfukue. Nikasema tutaanza na mhusika mwingine, yeyote, tutacheza saa yake, saa tisa yetu. Akasema bado. Kwamba siku ile sokoni, akimtembeza peke yake, kitu kilizimika, na hajui kama ni mchezo au ni yeye. Nilimsaidia kumgeuza mzee, yeye mabega, mimi miguu. Mzito kuliko anavyoonekana.

Alinisindikiza barabarani mpaka gari likaonekana.

"Wewe piga tu simu," akasema. "Hata kama habari hakuna. Uliza mimi ni saa ngapi."

Alhamisi, 31 Julai

Nimechapisha mitihani ya shule mbili. Wino mweusi umekwisha.

Meza ya mtandaoni nimeiacha kama ilivyo. Drati na Zubeda wamesema watangoja, hata mwaka. Sijui kama wanangoja kitu. Zubeda anataka twende wote Koboko siku ya kuzaliwa Mtume ikifika, na pilau. Labda.

Nimepiga Jumatatu, Jumanne, jana. Leo nimepiga nikiwa kwenye mashine ya kopi, kelele nyingi, lakini alisikia vizuri. Nikauliza ni saa ngapi. Akaangalia, akasema saa tatu na nusu. Kwangu ni saa nne na nusu. Sikumsahihisha. Nikamuuliza mzee amekula nini, akasema uji, nusu kikombe, na kwamba mvua imeanza.